Shilingi ya simba na rupia: Jinsi ya kutambua na kupima sarafu kuukuu za fedha

KATIKA nyumba nyingi za Kericho na Bomet, ndani ya mkebe wa zamani wa majani chai au kwenye fundo la kitambaa lililosahauliwa sandukuni, mna sarafu ambazo waliozirithi hawajui thamani yake.

Aghalabu huwa ni shilingi kubwa yenye picha ya simba upande mmoja na mfalme mwenye taji upande wa pili. Wakati mwingine ni rupia nzito ya Kihindi. Mara chache sana huwa ni kipande kipana cha fedha chenye sura ya mwanamke aliyejifunika ushungi, na chini ya maandishi yake mwaka 1780.

Januari ifikapo na karo kudaiwa, vipande hivyo hutolewa na kupelekwa kwa sonara mjini, au kwa mchuuzi wa vyuma chakavu apitaye sokoni akiwa na mizani mfukoni. Huko hununuliwa vyote kwa bei moja, kana kwamba ni misumari. Kwa upande mwingine, wapo walioaminishwa kwamba shilingi moja ya mwaka 1921 yaweza kununua shamba, nao hukataa bei halali wakisubiri milioni ambazo hazitakuja.

Wote wawili hupata hasara kwa sababu moja: hawajui walicho nacho. Kukijua si jambo gumu. Mizani ya sonara, kioo cha kukuzia maandishi na subira ya saa moja hutosha kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo.

RUPIA ILIVYOFIKA MILIMANI

Lugha zenyewe zimehifadhi historia hii. Kiswahili hutumia neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa. Na pesa ni neno lililovuka bahari kutoka India pamoja na sarafu ndogo ya shaba. Wakipsigis huita pesa rabinik, jina ambalo halifichi undugu wake na rupia. Wakikuyu husema rũbia. Kwa muda mrefu wazee nchini Kenya waliendelea kuita shilingi mbili "rupia", na senti hamsini "thumni", neno la Kiarabu lenye maana ya moja ya nane.

Moja ya nane ya nini? Ya riale, yaani kile kipande cha ushungi. Riale ilipohesabiwa kuwa takriban rupia mbili, na rupia ikawa shilingi mbili, thumuni yake ilikuwa nusu shilingi. Hesabu hiyo imedumu vinywani mwa watu baada ya riale yenyewe kutoweka.

Riale ya Maria Theresa ilitengenezwa kwanza huko Austria, na ilitembea Uarabuni, Uhabeshi na pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19. Mnamo 1882 Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa riale yake mwenyewe ya fedha. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilitoa rupia zenye jina la Mombasa mwaka huo huo, kisha vipande vidogo vya fedha vya ana mbili, nne na nane. Kampuni hiyo iliondoka mwaka 1895 na serikali ya Uingereza ikashika hatamu, lakini rupia ilibaki.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Kodi ya nyumba ikafuata, nayo ilidaiwa kwa rupia. Mtu ambaye mali yake yote ilikuwa ng'ombe na mbuzi alilazimika kutafuta kipande cha fedha chenye sura ya Malkia Victoria au mwanawe Edward wa Saba, ama kwa kuuza mnyama, ama kwa kuuza nguvu zake. Ndivyo rupia za Kihindi zilivyopanda hadi nyanda za juu za Wakipsigis, pamoja na senti 25 na senti 50 za fedha zilizoanza kutolewa mwaka 1906 kwa jina la himaya za Afrika Mashariki na Uganda.

Kutoka kusini, katika koloni la Wajerumani, zilikuja rupia nyingine zenye uzito ule ule. Hizo hutambulika upesi: Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye sanamu ya tai. Zilitolewa kati ya 1890 na 1914.

MIAKA MIWILI YA VURUGU

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza bei ya fedha duniani ilipanda mno na rupia ikapanda nayo. Awali paundi moja ilikuwa rupia 15. Mwaka 1920 serikali ilikata shauri kwamba rupia ihesabiwe kuwa shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa paundi. Walowezi waliokuwa na madeni ya rupia walijikuta madeni hayo yameongezeka kwa nusu nzima yakipimwa kwa paundi, na mapema mwaka 1921 wakapendekeza mishahara ya wafanyakazi Waafrika ipunguzwe kwa thuluthi. Upinzani dhidi ya pendekezo hilo ndio uliomjengea jina Harry Thuku mjini Nairobi.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwishoni mwa 1919, ilitoa sarafu mpya iliyoitwa florini mwaka 1920. Haikudumu. Mwaka 1921 rupia ya Kihindi iliondolewa uhalali wake, na mahali pa florini pakachukuliwa na shilingi yenye simba. Hivyo katika muda wa miaka miwili mkulima wa Bureti au Sotik aliona sarafu za aina tatu, kila moja ikimwambia kwamba ile iliyotangulia haifai tena. Aliyekuwa amezika rupia zake chini ya sakafu na asipate habari kwa wakati, alibaki na madini tu.

Mkusanyaji wa leo hunufaika na mkasa huo. Florini ni adimu kuliko shilingi, na adimu zaidi ni kile kipande cha mwaka 1920 kilichoandikwa thamani mbili kwa pamoja, senti hamsini na shilingi moja. Kilikuwa nusu ya florini. Vingi vilirudishwa na kuyeyushwa, na vilivyosalia hutafutwa sana.

Shilingi ya simba nayo ilipata bahati ya kuzaliwa wakati ufaao. Kampuni ya Brooke Bond iliponunua ardhi Kericho mwaka 1924, ikifuatwa mara na James Finlay, shilingi hizo zilikuwa mpya kabisa. Wachumaji majani chai walilipwa kwa kadi ya siku 30 za kazi. Kadi ilipojazwa ndipo shilingi zilipohesabiwa mezani. Si ajabu basi kwamba mikebe ya eneo hili ina simba wengi wa 1921 hadi 1925. Wengine wengi ni wa 1941 hadi 1946, miaka ambayo askari wa KAR walikuwa wakituma au kuleta mishahara nyumbani.

KIASI CHA FEDHA NDANI YA SARAFU

Hapa ndipo wauzaji wengi hupotezwa na macho. Sarafu mbili zinaweza kung'aa sawasawa, lakini moja ikawa na fedha mara tano ya nyingine.

Rupia ya Kihindi, ya Mombasa na ya Wajerumani zote zina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 917 ni fedha. Fedha halisi ndani yake ni takriban gramu 10.7. Senti 50 za enzi ya Edward wa Saba zina gramu 5.83 kwa fedha ya sehemu 800, yaani gramu 4.7 hivi. Florini ya 1920 ina uzito wa rupia lakini nusu tu ni fedha: gramu 5.83.

Shilingi ya simba ina gramu 7.78, na robo pekee ndiyo fedha. Kiasi hicho hakifiki gramu mbili. Sehemu kubwa ya robo tatu zilizobaki ni shaba, na ndiyo sababu shilingi iliyochakaa huonyesha rangi ya manjano au wekundu juu ya mgongo wa simba, pale ambapo ngozi ya nje imelika.

Kwa maneno mengine, wakia moja ya fedha, ambayo ni gramu 31.1, hupatikana katika rupia tatu pungufu kidogo. Kwa shilingi za simba zinahitajika 16. Mchuuzi anayenunua rupia na shilingi kwa bei moja ya kipande anajua anachofanya.

Riale ya Maria Theresa ndiyo nzito kuliko zote: gramu 28.07, fedha sehemu 833, yaani gramu 23.4 za fedha halisi.

Tena si kila simba ana fedha. Shilingi za George wa Tano, 1921 hadi 1925, zote zina fedha. Za George wa Sita zina fedha kuanzia 1937 hadi 1946. Kuanzia 1948 hadi 1952 simba ni yule yule, ukubwa ule ule, lakini madini ni shaba na nikeli bila chembe ya fedha. Sumaku haisaidii kuzitofautisha kwa kuwa haivuti yoyote kati yake.

Mwaka ukiwa umefutika, msomaji atazame maandishi yanayozunguka kichwa cha mfalme. Yakiwa na herufi IND na IMP, zenye maana ya Mfalme Mkuu wa India, sarafu hiyo ina fedha. India ilipata uhuru mwaka 1947, na sarafu zilizofuata hazina herufi hizo.

Ieleweke pia kwamba Kenya huru haikuweka fedha katika sarafu zake za matumizi ya kila siku. Benki Kuu ilianzishwa mwaka 1966, na shilingi yenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta ni shaba na nikeli. Sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003, ambayo wengi wameificha wakidhani ni hazina, haina fedha wala si adimu. Ile ya shilingi tano yenye pembe tisa, iliyotolewa 1973 kuadhimisha miaka kumi ya uhuru, nayo haina fedha, ila wakusanyaji huithamini kwa uchache wake. Uchache na madini ni mambo mawili mbalimbali.

KUTAMBUA BANDIA

Rupia bandia ni nyingi kuliko shilingi bandia, kwa kuwa hakuna faida ya kughushi kitu cha bei ndogo. Nyingi ni za chuma kilichopakwa rangi, na hizo sumaku huzinasa papo hapo. Zilizo hatari ni zile za shaba na nikeli.

Kipimo cha kwanza ni uzito. Rupia iliyotembea sana yaweza kupungua hadi gramu 11.3 au 11.4, ikipungua mpaka 10 kuna jambo. Kipimo cha pili ni cha maji, nacho hakihitaji mtaalamu. Kikombe chenye maji huwekwa juu ya mizani yenye kuonyesha sehemu ya mia ya gramu, kisha mizani hurudishwa kwenye sifuri. Sarafu hufungwa uzi mwembamba na kuzamishwa ikining'inia, bila kugusa kingo wala kitako cha kikombe. Namba itakayoonekana ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa.

Uzito wa sarafu ukigawanywa kwa namba hiyo, rupia halisi hutoa jibu la karibu 10.3. Ya shaba na nikeli hutoa 8.9. Kwa rupia ya gramu 11.66, mizani itasoma takriban 1.13 ikiwa halali, na 1.31 ikiwa ya shaba na nikeli. Tofauti hiyo haifichiki. Riale hutoa 10.2 hivi. Kwa shilingi ya simba kipimo hiki hakina msaada mkubwa, kwa kuwa shaba iliyomo huikaribisha mno na ile isiyo na fedha. Huko maandishi na mwaka ndiyo mashahidi bora.

Kuangusha sarafu juu ya meza ili kusikiliza mlio wake ni desturi ya wafanyabiashara wa zamani. Ni kweli kwamba fedha hulia kwa sauti ndefu, lakini pia ni kweli kwamba ukingo hupata kovu kila inapoangushwa.

Kuhusu riale, mwaka 1780 haumwambii mtu lolote kuhusu umri wake. Malkia Maria Theresa alifariki Novemba mwaka huo, na sarafu ikaendelea kutengenezwa kwa tarehe hiyo hiyo kwa sababu wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi hawakukubali nyingine. Mwaka 1935 Italia, iliyokuwa ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilijipatia haki ya kuitengeneza peke yake. Uingereza nayo ikaanza kuitengeneza London, na baadaye Bombay. Kiwanda cha Vienna kinaendelea kuitoa hata sasa. Ni fedha halali, lakini kuiita ya karne ya 18 kunahitaji jicho la mtu aliyezoea kuhesabu lulu za kilemba na kulinganisha manyoya ya tai.

KUPANGA MADARAJA

Baada ya kujua sarafu ni ipi na kwamba ni halisi, linabaki swali la hali yake. Hapa ndipo bei huachana.

Wakusanyaji hutumia herufi: G, VG, F, VF, EF, AU na UNC, kutoka iliyochakaa hadi isiyowahi kutumika. Mnunuzi mgeni asidanganywe na herufi G. Inasimama kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "nzuri", lakini katika biashara hii sarafu "nzuri" ni ile iliyolika kiasi kwamba sura ya mfalme imebaki kivuli. Ni istilahi ya ajabu, iliyozeeka ikabaki hivyo.

Fauka ya herufi kuna namba, 1 hadi 70. Ziliasisiwa mwaka 1949 na Mmarekani William Sheldon, mwanasaikolojia aliyekuwa mkusanyaji wa senti za shaba za nchi yake. Wazo lake lilikuwa kwamba sarafu ya daraja la 70 iwe na thamani mara 70 ya ile ya daraja la kwanza. Uwiano huo wa bei ulishindwa upesi, namba zikabaki: F ni 12, VF ni 20 hadi 35, EF ni 40 hadi 45, na kuanzia 60 ni zile ambazo hazikupita mikononi mwa watu. Baadaye ilibainika kwamba Sheldon mwenyewe alikuwa akiiba sarafu bora katika hazina ya chama cha wataalamu wa sarafu mjini New York na kuacha zake duni mahali pake. Alijua vyema tofauti ya daraja moja na jingine.

Shilingi ya simba hupimwa hivi. Ishikwe kwa kingo, chini ya taa moja, igeuzwe polepole. Upande wa mfalme, sehemu zilizoinuka hulika kwanza: nyusi, masharubu, sikio na vito vya taji. Kwa George wa Tano, ndevu ndiyo shahidi mzuri. Nywele zake zikionekana zimetengana, sarafu ni VF au zaidi. Zikiwa zimeungana kuwa bonge moja laini, ni F. Taji likiwa limebaki umbo tu bila vito, ni VG kushuka chini.

Upande wa simba, bega na mbavu ndizo hulainika mwanzo, kisha manyoya ya shingo. Katika EF manyoya huwa na mistari iliyo wazi, na ubavu huonyesha mkwaruzo mdogo tu wa matumizi. Katika F manyoya hayana mistari ila mpaka wake na mwili unaonekana. Milima iliyo nyuma haiinuki sana, kwa hivyo hudumu. Ikiwa hata milima imeanza kupotea, hakuna haja ya kubishana.

UNC ni jambo jingine kabisa. Si suala la sarafu kuwa safi, bali ni kutokuwapo kwa ulikaji hata sehemu ndogo, pamoja na mng'aro wa asili ambao huzunguka kama miali ya gurudumu sarafu inapogeuzwa chini ya taa. Mng'aro huo ukitoweka haurudi kwa dawa yoyote.

Zipo pia herufi ndogo zinazoonyesha kiwanda. H ni kiwanda cha Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. SA ni Pretoria na I ni Bombay. Isiyo na herufi ilitoka London. Mwaka mmoja waweza kuwa na sarafu kutoka viwanda viwili au vitatu, na kimoja kikawa kilitoa chache. Miongoni mwa shilingi za George wa Tano, ile ya 1923 ndiyo huulizwa zaidi. Aliye nayo asiiweke kwenye rundo la jumla.

Hali kadhalika, katika rupia za George wa Tano ile ya mwaka 1911 ina kisa chake. Tembo aliyechorwa kwenye vazi la mfalme alionekana na watu wengi wa India kuwa ni nguruwe, Waislamu wakalalamika, na mchoro ukarekebishwa mwaka uliofuata.

MAJIVU NA NDIMU

Kosa linaloharibu sarafu nyingi zaidi katika nyanda za majani chai ni usafi. Mkono uliozoea kusugua sufuria kwa majivu na kuandaa sotet kwa mkaa hauoni ubaya wa kuipitisha shilingi nyeusi katika kazi iyo hiyo. Wengine hutumia ndimu, magadi, au dawa ya meno.

Weusi ulio juu ya fedha si uchafu. Ni ngozi iliyotokana na fedha kukutana na salfa katika hewa na moshi wa jikoni, na mkusanyaji huipenda kwa kuwa huthibitisha kwamba sarafu haijaguswa. Majivu huacha maelfu ya mikwaruzo midogo inayoonekana wazi chini ya taa. Ndimu hula shaba na kuacha uso wenye vishimo. Sarafu iliyosuguliwa hukataliwa daraja la namba, hata kama mchoro wake ni mkamilifu, na yaweza kupoteza nusu ya bei au zaidi kwa dakika moja ya bidii.

Kinachoruhusiwa ni maji safi, ikiwezekana yaliyochemshwa na kupoa, ili kuondoa udongo uliokauka. Sarafu ilowe, isisuguliwe, kisha ikaushwe kwa kubonyezwa ndani ya kitambaa laini cha pamba.

Sarafu iliyotobolewa ili kuvaliwa, au yenye alama ya risasi ya kuunganishia kishikio, huhesabiwa kuwa imeharibika. Hata hivyo, kidani kizima chenye sarafu zake hakifai kuvunjwa. Kikiwa kizima kina thamani ya pambo na ya historia. Kikivunjwa hubaki vipande vyenye matundu.

Kericho hupata mvua karibu miezi yote ya mwaka, na unyevu huo ni adui wa shaba iliyomo ndani ya shilingi. Kutu ya kijani ikianza huendelea. Mifuko laini ya plastiki yenye harufu kali haifai kuhifadhia, kwa kuwa hutoa kemikali inayoacha utelezi wa kijani juu ya sarafu. Karatasi za gazeti, sufu na mipira ya kufungia vitu zote zina salfa. Bahasha ndogo za karatasi isiyo na asidi, ndani ya chupa yenye kifuniko kinachokaza pamoja na vifuko vya chembe za kukausha unyevu kama vile vinavyopatikana katika maboksi ya viatu, hutosha.

BEI NA WANUNUZI

Bei ya fedha hubadilika kila siku, kwa hiyo namba zifuatazo ni za kufundishia hesabu tu. Gramu moja ikiwa Sh100, fedha iliyomo katika shilingi ya simba ni karibu Sh195, katika florini Sh583, katika rupia Sh1,069, na katika riale Sh2,339. Hiyo ndiyo sakafu. Mnunuzi wa kuyeyusha atatoa pungufu kwa sababu ana gharama za kusafisha madini, lakini akitoa robo yake amemnyonya muuzaji.

Juu ya sakafu hiyo huongezwa thamani ya uchache na ya daraja. Shilingi ya kawaida iliyochakaa haiongezi sana. Hubaki karibu na bei ya madini. Ile ile ikiwa UNC yaweza kuuzwa mara nyingi zaidi. Tarehe adimu katika hali ya VF huizidi tarehe ya kawaida katika EF. Wanunuzi wazuri wengi wako nje ya nchi, kwenye minada ya Ulaya na Marekani, na minada hutoza kamisheni pande zote mbili. Kampuni za Marekani za PCGS na NGC, zilizoanza 1986 na 1987, hupima sarafu na kuifunga katika kisanduku cha plastiki chenye daraja lake. Ada na posta zake huzidi bei ya shilingi ya kawaida, hivyo huduma hiyo hufaa sarafu adimu pekee.

Wapo pia wanunuzi wasionunua. Hawa hupiga simu au kutuma ujumbe wakidai kwamba wanatafuta shilingi ya 1921 kwa mamilioni. Kabla ya malipo hudai ada ya usajili, kisha ya ukaguzi, kisha ya ushuru, zote zitumwe kwa simu. Mnunuzi wa kweli huuliza uzito, mwaka, herufi ya kiwanda na picha za pande zote mbili, naye haombi kulipwa na muuzaji.

Mwenye rundo la sarafu na asifanye mauzo siku ya kwanza. Azitenge kwanza kwa aina, rupia mbali na shilingi, kisha za kabla ya 1948 mbali na za baadaye. Apime kila moja na kuandika uzito wake. Aulize bei mahali pawili au patatu kabla ya kukubali, na sarafu zisitoke mikononi mwake hadi alipwe.

Sheria nayo ina neno. Chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, kitu cha kuhamishika kilichotengenezwa nchini au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni kitu cha kale, na hakiruhusiwi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Shilingi ya simba, florini na senti za Edward hazimo katika kundi hilo. Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 imo. Na rupia ya Malkia Victoria huweza kuwamo, kutegemea ilivuka bahari lini.